Mwanasheria Kijana Anafanya Nini Msituni? Maneno kwa Familia Zilizohamishwa na Viongozi wa Mambasa

Maneno haya yalisemwa na timu yetu ya uwanjani mjini Mambasa, mbele ya familia zilizohamishwa na vita, machifu, makapita na wajumbe wa kamati za amani.

 

Tumeombwa tueleze kazi ya wale vijana wa sheria ambao mmeanza kuwaona wakipita pamoja nasi vijijini, na daftari mkononi na ile mashine ndogo ya kupimia mipaka. Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliuliza, na watu wote wakacheka: «Mnasema huyu ni avoka wa hali ya hewa na bahari. Hapa Mambasa bahari iko wapi?» Swali lake lilikuwa zuri kuliko tulivyoonyesha siku ile, kwa sababu na sisi tulicheka. Leo tutalijibu.

Maji ya Epulu yanaingia katika mto Ituri. Ituri ukishuka unaitwa Aruwimi, na Aruwimi unaingia katika mto Kongo pale Basoko. Kongo nao unakwenda mpaka Banana na kumwagika katika bahari ya Atlantiki. Pwani yetu ni fupi sana, kama kilomita 40 hivi tu, kwa nchi kubwa namna hii. Hata hivyo, visiwa vidogo vya dunia vilipoiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg nchini Ujerumani, kama moshi wa viwanda na magari unahesabiwa kuwa uchafuzi wa bahari, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka maandishi yao. Tarehe 21 Mei 2024 mahakama ilijibu kwamba ndiyo: gesi hizo zikiingia baharini ni uchafuzi, na nchi zinao wajibu wa kuuzuia. Msitu huu wetu unashika sehemu ya gesi hizo ndani ya miti na udongo. Mti ukianguka na kuchomwa, zinatoka tena. Ndiyo maana mtu anayekaa kisiwani, ambaye hajawahi kusikia jina la Mambasa, ana sababu ya kujali shoka linalolia hapa. Na ndiyo maana kijana aliyesomea sheria za bahari na hewa anaweza kujikuta amekaa juu ya gogo huko Lolwa akiandika majina ya vijito.

Kuna habari moja ambayo vijana wenu wanapaswa kuijua. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakisoma katika nchi ya visiwa iitwayo Vanuatu, waliamua kwamba mahakama kubwa kuliko zote, ile ya The Hague, iulizwe nchi zina wajibu gani kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa. Walikuwa wanafunzi tu, hawana ofisi wala gari. Walianza kuandika barua. Serikali ya Vanuatu ikalichukua jambo hilo, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likakubali swali lipelekwe. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wakajibu kwa sauti moja kwamba kila nchi ina wajibu wa kisheria wa kuzuia madhara makubwa kwa hali ya hewa ya dunia, na kwamba nchi inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa, hata kulipa fidia, ikithibitika kwamba madhara yametokana na kosa lake.

Tusidanganyane. Jibu hilo ni maoni ya kisheria, si hukumu. Hakuna askari atakayetumwa kesho kwenda kufunga kiwanda, na hakuna fedha itakayofika Mambasa kwa sababu yake. Faida yake ni nyingine: sasa mwanasheria akiandika barua, ana mahali pa kusimamia. Hapa Afrika pia jambo hilo limefika mahakamani. Mei 2025 Chama cha Wanasheria wa Afrika kilipeleka swali kama hilo katika Mahakama ya Afrika, Arusha.

Tena kuna jambo la nchini mwetu. Ndugu Batwa wa Kahuzi-Biega, Kivu ya Kusini, walitolewa katika msitu wao miaka ya 1970 ili parki ifanywe. Shauri lao lilipelekwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2015, na uamuzi uliowapa haki ukatangazwa Julai 2024. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kwanza alikuwa tayari anakwenda shule. Tunawaambia haya ili msimtazame mwanasheria kama mtu wa miujiza. Kazi yake ni ya polepole, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika vizuri jambo ambalo watu wamesema, kabla halijasahauliwa au kugeuzwa.

Hapo ndipo tunafika nyumbani, na tunaanza na kosa letu wenyewe.

Kuna kijiji, hatutakitaja, ambapo familia zilizokimbia zilipokelewa na ukoo wenye ardhi. Chifu alikubali, kapita alikubali, na sisi tuliombwa tusaidie kuweka mapatano kwenye karatasi. Tulifanya haraka. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, ukurasa mmoja, na ilisema kwamba mgeni anaruhusiwa kulima mazao. Watu walitia vidole, tukapiga picha, tukaandika ripoti. Ripoti ilisifiwa.

Msimu wa tatu, mama mmoja mjane miongoni mwa wageni alipanda miche ya kakao. Tulipomuuliza baadaye alituambia kwamba muhogo unalisha watoto lakini haulipi shule, na kakao ndiyo inayonunuliwa. Alikuwa na karatasi. Karatasi ilisema mazao. Je, kakao si zao? Usiku, vijana wa ukoo waling'oa miche yote. Asubuhi vijana wa wageni walikusanyika na mapanga. Kijana mmoja alijeruhiwa mkono kabla kapita hajafika na kusimama katikati. Tunamshukuru Mungu kwamba ilikuwa mkono tu.

Ninyi wazee mnajua kosa lilikuwa wapi. Sisi wenye diploma hatukujua. Katika desturi ya hapa, mgeni akipewa mahali hupanda chakula: muhogo, mpunga, maharagi, karanga. Akivuna, ardhi inabaki ya mwenyewe. Lakini mti unaokaa miaka ishirini au thelathini ni jambo lingine. Kakao, kahawa, mchikichi: anayepanda anasema kwamba hapa ni pake, hata kama hajafungua kinywa. Yule mama hakuwa na nia ya kunyang'anya mtu. Wale vijana nao, machoni pao, hawakuwa wakiharibu mali ya mjane; walikuwa wakilinda ardhi ya babu zao. Neno moja ambalo sisi tuliliandika bila kuuliza liliwapa wote wawili haki ya kukasirika.

Wakati huo tulikuwa na avoka kijana, bado yuko katika staji, ametoka masomoni Bunia. Alikuja kutusaidia kwa mambo ya misitu na mabadiliko ya hali ya hewa, na tulifikiri angekaa ofisini asome mikataba. Alikaa kijijini siku nne. Siku ya kwanza hakuandika kitu. Siku ya pili alituuliza kwa nini Wambuti hawamo katika karatasi yetu. Tulijibu kwamba chifu aliwasemea. Akaenda kambini kwao. Mzee wao alisema neno ambalo tumelirudia mara nyingi tangu siku ile: «Hao wawili wanagombania nyumba yetu, na hakuna aliyebisha hodi.» Njia zao za nyavu zilipita katikati ya mashamba hayo, na miti miwili ya asali ilikuwa imekatwa tayari.

Ndugu viongozi, si suala la huruma peke yake. Sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, juu ya haki za wenyeji wa asili Wambuti na wenzao, inataka waulizwe kabla, kwa uhuru, na wakubali wenyewe jambo linalogusa ardhi wanayokaa au kuitumia. Chifu hawezi kukubali kwa niaba yao kama wao hawakukaa kikaoni.

Karatasi ya pili iliandikwa kwa Kiswahili na ilisomwa kwa sauti mara mbili, pamoja na mtu wa kufasiri kwa Wambuti. Mazao yalitajwa moja moja kwa jina. Ndizi peke yake zilichukua nusu siku. Mgomba ni chakula, lakini unakaa na kuzaa watoto. Sasa ni wa mgeni au wa mwenyeji? Walikubaliana kwamba ni chakula, na mgeni akiondoka anauacha bila kudai malipo. Kakao iliyokwisha ng'olewa ilipandwa tena, safari hii kwa makubaliano: miti ni ya ukoo, yule mama anaitunza, na wanagawana mavuno nusu kwa nusu. Mpaka uliwekwa kwenye kijito, hakuna shoka kuvuka ng'ambo. Miti ya asali iliyobaki ilipewa alama. Muda ni misimu minne, kisha wanakaa tena. Na mgeni akipata amani ya kurudi kwao, muhogo wake ulioko ardhini haupotei. Anaweza kurudi kuung'oa.

Yule avoka aliwaambia ukweli ambao haukuwafurahisha wote. Aliwaambia kwamba karatasi hii si hati ya kumiliki ardhi. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya Serikali. Kwa Katiba ya 2006, kifungu cha 34, haki zilizopatikana kwa desturi zinalindwa. Kati ya sheria hizo mbili kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo watu wengi wa Ituri wanamoishi. Karatasi inaonyesha tu ni nini kilikubaliwa, na nani, mbele ya nani. Ikiwa jambo litafika Bunia, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, ambako nauli tu inaweza kula mavuno ya mtu, ni afadhali kufika na neno lililo wazi.

Mtu atauliza, hayo yote yana uhusiano gani na hali ya hewa? Yana uhusiano mkubwa. Dunia sasa inasema msitu ulindwe. Ni vizuri. Lakini tumeona kwamba pale ambapo haikuandikwa ni wapi mkimbizi anaruhusiwa kulima, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa na wa kwanza kufukuzwa. Hatukatai: mashamba mapya yanakula msitu, na makaa pia, tunayaona kando ya barabara. Lakini mama mwenye jembe ni rahisi kumfukuza kuliko mashine za kuchimba dhahabu mtoni, na kuliko lori la mbao linalopita usiku. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009, kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, umesema mambo mawili kwa pamoja: mazingira ya mahali walipopokelewa yalindwe yasiharibiwe, na wao wenyewe waulizwe na washiriki katika maamuzi yanayowahusu. Mara nyingi tunasikia la kwanza likitajwa bila la pili.

Machifu wengi wametuuliza juu ya misitu ya jamii, na hapa tunaomba tuseme kwa uangalifu. Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 na dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 zinaruhusu jamii ya mahali kupewa msitu wake wa desturi, usiozidi hekta 50,000, bila malipo, kwa muda usio na mwisho. Ombi linakwenda kwa gavana wa jimbo. Msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Okapi hauwezi kuombwa, kwa sababu hiyo ilikwisha kuwekwa kando tangu 1992. Lakini sheria inaposema «jamii ya mahali» inasema juu ya watu wanaounganishwa na desturi na ukoo na ardhi ile. Familia zilizokimbia hazimo katika maneno hayo. Tunalisema mbele yenu nyote ili isije ikagunduliwa siku nyingine, kwa hasira.

Kwa hiyo tunawaomba machifu mnaotayarisha maombi: katika mpango wa usimamizi ambao sheria inautaka, andikeni sehemu ya wageni. Semeni ni wapi wanalima, kwa misimu mingapi, kuni zinatoka wapi. Na lile baraza la wazee ambalo sheria inataka liwepo kwa ajili ya kusuluhisha, liwe na masikio kwa wageni pia. Ninyi nanyi wakuu wa familia zilizokimbia, msingoje karatasi ifungwe ndipo mlalamike. Nendeni sasa. Semeni muna watu wangapi na mnahitaji nini.

Tunajua wako wenyeji wanaosema moyoni kwamba wageni wamekaa muda mrefu mno. Tunawaheshimu, kwa sababu kulisha mgeni miaka mingi si jambo dogo. Lakini wenye umri wetu mnakumbuka mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, ile operesheni iliyopewa jina la Effacer le tableau, kufuta ubao. Watu wa Mambasa na wa barabara ya Komanda walikimbia na godoro kichwani, wengi wao upande wa Beni. Baadhi yetu tulikuwa watoto wa shule. Tulilala katika nyumba za watu ambao hatukuwajua, na tulikula katika mashamba yao. Leo baadhi ya wanaokuja kwetu wakikimbia wanatoka upande ule ule. Hakuna aliyetuandikia karatasi wakati ule, na hatukumbuki kama tulipanda mti.

Neno juu ya kaboni. Wanapita watu wenye mikataba, wanasema watalipa jamii kwa sababu msitu wake unashika gesi. Wengine ni wa kweli. Msitie kidole siku ile ile. Mwambieni mgeni wenu kwamba karatasi italala kijijini, ipelekwe kwa mwanasheria, isomwe kwa lugha inayoeleweka, hasa mahali paliposemwa ni miaka mingapi, fedha inapitia kwa nani, na shamba gani litakatazwa. Mwenye nia njema atangoja. Chifu mmoja alituonyesha karatasi ambayo aliitia sahihi bila kuachiwa nakala. Yeye mwenyewe hajui alikubali nini.

Sasa juu ya hao vijana wenyewe. Msiwafikirie kuwa matajiri kwa sababu wanavaa viatu. Aliye katika staji mara nyingi halipwi chochote, anakula kwa ndugu zake, na wenzake waliobaki mjini wakishughulikia talaka na deni wanamcheka kwamba amekwenda kuwa avoka wa miti. Wengine wanaogopa barabara, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba hakuna la kuogopa. Wasichana wanaulizwa kila mahali kama mume wao anajua walipo. Na tatizo kubwa ni mradi unapokwisha: kijana amejifunza vijito vyote kwa majina, halafu anaondoka, na anayemfuata anaanza tena kuuliza njia. Wafadhili wetu wanasikia maneno haya kwa sababu yataandikwa, basi tunawaambia bila kuzunguka: miezi sita haitoshi. Msimu wa kwanza kijana anaitwa mgeni. Wa pili anaanza kuambiwa ukweli.

Ninyi pia mna watoto katika vyuo vya Bunia wanaosoma sheria. Wakirudi likizo, watumeni. Mtoto wa hapa hahitaji kufasiriwa tofauti ya muhogo na kakao.

Jumatano ijayo tutatembea mpaka wa mashamba mapya, kutoka kijito cha kwanza mpaka penye njia ya nyavu. Tunaomba aje mwenye ardhi, aje anayelima, waje Wambuti wawili wanaoijua miti ya asali, na kapita. Tutaanza saa moja asubuhi kabla ya jua kali. Wenye karatasi za zamani, hasa zile za Kifaransa, pamoja na zile tulizoziandika sisi, wazilete. Zitasomwa kwa sauti, na neno ambalo halieleweki litaulizwa kabla ya kupita kwenye linalofuata.

Sasa tuko tayari kwa maswali, na yule mzee wa bahari ndiye wa kwanza.